Shahada ya hoteli, vitanda vya Kigoma

Mama mmoja anayeanika dagaa Kibirizi, hapa Kigoma, alinisimamisha wiki iliyopita. Binti yake amemaliza kidato cha sita na amechaguliwa kusoma shahada ya usimamizi wa hoteli. "Mwalimu, kutandika kitanda kunasomewa miaka mitatu?" Nilicheka, kisha nikaona sina jibu la haraka.

Tuanze na hesabu. Tuseme mwanafunzi anatumia milioni 4 kwa mwaka: ada, chumba, chakula, nauli ya treni. Miaka 3 ni milioni 12. Hizo kila mzazi anaziona. Asizoziona ni za mshahara ambao mtoto angeupata. Kama angekaa mapokezi kwa laki 2 na nusu kwa mwezi, miezi 36 ni milioni 9. Kwa hiyo mpaka anavaa joho, shahada imeshakula milioni 21. Ikimwongezea laki 2 kwa mwezi juu ya mwenzake mwenye cheti, atazirudisha kwa karibu miaka 9. Namba hizi ni zangu za mfano. Weka zako, ila ule mshahara uliopotea usiusahau.

Akipata mkopo wa Bodi ya Mikopo ya wanafunzi, maumivu yanahamia mbele: makato ya asilimia 15 ya mshahara wa msingi mpaka deni liishe. Kwenye laki 5 ni elfu 75. Ile nyongeza ya laki 2 tuliyoisifia inabaki laki 1 na elfu 25.

Sasa tuangalie soko la hapa kwetu, maana wengi wanalikosea. Ukisema Kigoma, mgeni anawaza sokwe wa Gombe na Mahale. Ni kweli sokwe wapo, lakini hifadhi zote mbili unazifikia kwa boti, wageni ni wachache, na kambi za gharama kubwa hutaka watu kwa msimu; nyingine hufungwa mvua zikikolea. Anayejaza vyumba vya mjini mwaka mzima ni mtu wa semina, dereva wa shirika anayekwenda kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mfanyabiashara kutoka Bujumbura au Kalemie ya Kongo. Huyu anataka maji ya moto, samaki wa mgebuka aliyekaangwa vizuri, risiti iliyoandikwa sawasawa, na mtu wa mapokezi anayejua Kifaransa kidogo. Na mtoto wa Kiha anaelewana na Mrundi bila mkalimani, kitu ambacho hakuna chuo kinachokifundisha.

Mwenye gesti ya vyumba 14 pale Mwanga hana nafasi ya meneja msomi. Meneja ni yeye, mhasibu ni mkewe, mapokezi ni mpwa wake. Ukimpelekea shahada atakuuliza kama unaweza kulala zamu ya usiku. Tofauti na mwalimu au muuguzi, hapa hakuna tangazo la serikali la nafasi maelfu la kulisubiri. Unamsubiri mtu na mpwa wake.

Hata hivyo sikubaliani na wanaosema shahada hii ni karatasi tupu. Mwenye cheti anajua kupika. Mwenye shahada iliyofundishwa vizuri anajua kwa nini jiko linapata hasara. Kupanga bei kwa msimu, kukokotoa gharama ya sahani moja, kujadiliana na kampuni ya watalii, kuuza chumba mtandaoni: hayo huyaokoti kwa kubeba trei, hata ukiibeba miaka 10. Na katika hoteli kubwa za Zanzibar, Arusha na Dar es Salaam, ngazi za juu ndiko shahada inakoulizwa. Sheria ya ajira za wageni ya 2015 inamtaka mwajiri wa mgeni awe na mpango wa kumrithisha Mtanzania kazi ile. Mrithi huyo lazima atoke mahali.

Wapo pia wanaoweka dau kwenye reli. Mkataba wa reli mpya ya kisasa (SGR) ya Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022. Labda vitanda vitaongezeka. Lakini reli ya kwanza ilifika hapa 1914, kwa hiyo mtu wa Kigoma ana haki ya kutokimbilia kununua mashuka.

Kuna jambo jingine: 2020, mwaka wa korona. Watalii wa nchi nzima walishuka kutoka takriban milioni 1.5 mwaka 2019 hadi laki 6 na ushee. Ndani ya miezi michache wapishi wazuri walikuwa nyumbani. Watalii wamerudi, na 2023 walipita milioni 1.8, lakini kazi inayoweza kuzimika hivyo si ya kuingia na deni la kujitwisha kichwa kichwa.

Mimi ningemshauri binti aanze na cheti cha mwaka mmoja, mapokezi au jikoni, akashinde hotelini miaka miwili nje ya Kigoma, anoe Kifaransa, halafu shahada aifuate akiwa tayari anajua anataka kusimamia nini. Anayekuja kuwa meneja bila kuwahi kufua shuka, wahudumu humjua siku ya kwanza.

Nilipomweleza mama, akanishika palipo pabovu. Mkopo wa Bodi upo kwa shahada, stashahada ziliingizwa 2023/24, tena kwa fani chache, cheti hakimo. Njia ninayoiita ya nafuu inadai fedha taslimu, na ile ya ghali inalipiwa kwanza na serikali. Nani atamlaumu akichagua ya ghali? Akaniuliza ada ya cheti ni kiasi gani, akahesabu kwa vidole, akataja ile miezi mitatu ya Ziwa Tanganyika kufungwa, uvuvi ukisimama. "Ngoja giza la mwezi liingie," alisema, "nione dagaa watatokaje."