Siku Anga Liliponyamaza

Raha ya kurusha ndege ndogo, kwa sisi tusiobeba mizigo wala abiria wa kulipa, ni kupaa bila haja ya kufika popote. Siku hiyo nilimpakia shemeji yangu katika Cessna 172, ndege ya viti vinne ambayo mbawa zake ziko juu ya madirisha, hivyo abiria huitazama ardhi bila kizuizi. Tulipokwisha kuruka nilibonyeza kitufe cha kuzungumzia kilichoko kwenye usukani, nikaujulisha mnara kwamba tunaelekea mashariki, kisha nikakiachia. Mimi nilikiachia; chenyewe hakikuachia, kwa kuwa springi yake ilikuwa imevunjika.

Ni lazima nieleze kidogo hapa. Redio ya ndege haiwezi kusema na kusikia kwa wakati mmoja, na wote walio katika masafa yale hupokezana zamu. Mmoja akishikilia zamu, anayejaribu kumwingilia huambulia mluzi mkali tu, na mshikiliaji mwenyewe hasikii chochote. Redio nyingi za kisasa hujikatia zenyewe baada ya nusu dakika hivi, lakini yetu ilikuwa ya kale na yenye uvumilivu mkubwa.

"Kumbe huku juu ni kimya namna hii," shemeji alisema.

Nilimjibu kwamba marubani ni watu wa maneno machache. Kisha nikaimba. Huwa naimba kila nikivuka futi 2,000, na injini hunisaidia kwa kufunika sehemu ngumu. Bahati mbaya kipaza sauti cha rubani kimeundwa kuchuja ngurumo ya injini na kuiacha sauti ya mtu ikiwa safi.

Shemeji, ambaye nadhani alitaka wimbo ukome, aliniuliza iwapo helikopta ni ngumu kuliko ndege. Mimi huendesha zote mbili, na swali hilo hunipa maneno mengi. Nilimweleza kwamba ndege iliyosawazishwa vizuri, hata ukiachia usukani, itaendelea na safari yake kwa utulivu, ilhali helikopta ndogo inataka mikono yote miwili na miguu yote miwili: mkono wa kulia kwenye fimbo ya kuielekeza, wa kushoto kwenye wenzo wa kuipandisha na kuishusha, na miguu kwenye pedali za kuizuia isijizungushe. "Ndiyo maana," niliongeza, "marubani wa helikopta wana nyuso za watu wanaotafuta miwani iliyo vichwani mwao." Alipouliza habari za mwongoza ndege, nilisema kwamba bwana yule huzungumza kwa haraka ili asiulizwe swali la pili.

Wakati wa kurudi niliita mnara, sikujibiwa. Nikaita tena, kimya. Nikahitimisha kwamba redio imekufa, nikaweka namba 7600 kwenye transponda, ambayo huwaarifu wenye rada kwamba ndege imepoteza mawasiliano, kisha nikakaribia uwanja nikitazama mnara. Wakatuwashia taa ya kijani isiyomweka, yaani ruhusa ya kutua, nami nikayumbisha mbawa kuonyesha kwamba nimeiona.

"Usiogope, shemeji," nilimwambia. "Hawatusikii hata neno moja." Na kwa uhuru huo nikarudia kiitikio.

Tulikuwa tumekwisha tua na kutoka kwenye njia ya kurukia shemeji aliponyoosha kidole kwenye redio. "Hii herufi T inayowaka tangu tulipoondoka ina maana gani?"

Nilikichokonoa kitufe kwa ukucha, kikaruka nje. Redio ikafufuka papo hapo, na sauti yenye adabu nyingi ikauliza, "Je, na sisi wengine sasa tunaweza kusema?"

Kando yetu palikuwa na helikopta aina ya Robinson R44 iliyokaa chini panga zake zikizunguka, ikiteketeza mafuta kwa kusubiri ruhusa ya kuruka ambayo hakuna aliyeweza kuiomba wala kuitoa. Rubani wake, mama wa makamo, alitugeukia polepole, akainua mkono, akaigusa miwani iliyokuwa juu ya kichwa chake. Shemeji alininyooshea kidole kabla hajaulizwa.

Baadaye niliagizwa kuupigia mnara simu, agizo ambalo hakuna rubani hulipenda. Mwongoza ndege alizungumza bila haraka yoyote, na maswali aliuliza mengi. Alitaka kujua hali ya kitufe, umri wa redio na saa tuliyoruka, kisha akasema kwamba anaijaza ripoti kikamilifu na angependa kujua jina la wimbo.

Nilimtajia. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba wimbo huo anaufahamu vizuri sana, na kwamba alichokisikia siku hiyo hakikuwa wimbo huo.