Kaburi la Hyrax Hill limenishika kuliko Kit Mikayi

Wacha niseme alafu mnitukane baadaye. Kit Mikayi kule Kisumu ni mwamba mzuri, nimeupanda mara tatu, na lile Jiwe Linalolia pale Ilesi kwetu Kakamega nimeliona tangu nikiwa mdogo nikichungulia dirisha la matatu, lakini hakuna hata moja lililowahi kuninyamazisha. Kilichoninyamazisha ni rundo la mawe ambalo halifiki hata kiunoni, kaburi la kale la Hyrax Hill hapa hapa Nakuru, mahali nimepita na matatu za Lanet miaka kumi na moja nikijiambia ntaingia wikendi.

Shida ya Kit Mikayi, kwangu mimi, ni kwamba hakuna mtu aliyeipanga. Ni mvua na jua na miaka mingi, udongo ukaenda, yale majiwe yakabaki yamebebana hivyo kama mizigo juu ya basi la Kisumu siku ya Krismasi. Binadamu alikuja baadaye na hadithi yake, ya yule mzee aliyelipenda jiwe mpaka akawa anashinda huko kutwa nzima, bibi anampelekea chai na chakula, na akiulizwa mzee yuko wapi anajibu ameenda kwa mikayi, yaani kwa mke wa kwanza. Hadithi tamu sana hiyo (na nawajua wazee kadhaa ambao mikayi wao ni baa fulani hapa taoni). Lakini jiwe lenyewe halikuhitaji mtu, hata tungekosa kuzaliwa wote lingekuwa tu hapo.

Kaburi la mawe ni kitu tofauti kabisa. Hapo kuna mtu aliinama, akashika jiwe na mikono yake, akalibeba, akaliweka juu ya mtu mwingine aliyemjua jina. Kisha akarudi kuchukua lingine.

Mara yangu ya kwanza Hyrax Hill ilikuwa trip ya shule, na sitataja shule, mwalimu alitupanga mstari mbele ya bango akasema nakilini, tukanakili bango lote mpaka nukta ya mwisho, tukala mkate na soda, tukarudi kwa basi. Kaburi sikuliona. Nilijua kwamba Louis Leakey, yule mchimbaji wa mambo ya kale, aliona dalili za watu wa kale hapo mwaka wa 1926, kwamba mkewe Mary Leakey alichimba 1937 na 1938, kwamba mahali pakatangazwa kumbukumbu ya taifa 1943 na makumbusho ikafunguliwa 1965 ndani ya nyumba ya zamani ya shamba. Mtihani nilipita. Lakini uniulize nani alizikwa hapo ningekuambia Leakey!

Mwaka huu mama alikuja kutoka ocha kwa ajili ya kliniki ya macho, akakaa wiki mbili, na siku ya nne akaanza kunifagilia nyumba saa kumi na moja asubuhi so nikaona heri nimtoe. Nikamwambia twende tuone flamingo, akasema ndege wako wengi nyumbani. Basi nikampeleka Hyrax Hill, tukashuka kwa haiwei tukaingia kwa miguu, tukakata tiketi, tukapata kijana wa kututembeza, mpole, anaita mama "mama" na si "madam", na hapo ndo nilijua siku itakuwa poa.

Kwanza tukafika kwa yale mashimo ya Sirikwa, wafugaji wa zamani wa huku Bonde la Ufa. Ukipita bila kuambiwa utadhani watu walichimba murram wakaenda zao, ni mabonde madogo ya duara yameota nyasi. Kijana akaanza kusema "mama, hapa zamani" na mama akamkata, akasema hii ni boma ya ng'ombe. Kijana akashangaa. Mama akaonyesha na bakora, mlango unaangalia chini ya mteremko ili maji na mavi yatoke, na ile nundu hapo nje ya mlango ni mahali walikuwa wanatupa samadi wakifagia. Na ni hivyo kabisa! Wasomi walihangaika miaka mingi na hayo mashimo, kuna walioandika kwamba watu walikuwa wanaishi ndani ya hizo shimo kama nyumba, kumbe ni mifugo ilikuwa inalala ndani salama na nyumba ya wenyewe imebandikwa pembeni. Mama ameishi na ng'ombe maisha yake yote, hakuhitaji bango.

Alafu kaburi. Hili ni la zamani zaidi ya mashimo, la watu wa kama miaka 3000 hivi iliyopita, wafugaji wa kwanza kwanza wa Bonde la Ufa. Walizika watu wao wamekunjwa, magoti kifuani, kama mtoto amelala. Juu wakaziba na mawe. Kitu kilichomshika mama ni pale kijana aliposema kwamba wanawake ndio waliozikwa na vyombo, sahani na bakuli za mawe na michi ya kusagia, na wanaume bila kitu.

Mama akauliza, "Mwanaume alienda mikono mitupu?"

"Ndio mama."

"Vizuri."

Akanyamaza kidogo alafu akaniambia mimi, si kijana, kwamba kuchonga bakuli la jiwe si kazi ya siku moja, sasa wewe fikiria umelichonga siku nyingi, umelipikia, linafaa kubaki kwa binti, alafu unalitia kaburini. Sikuwa nimefikiria hivyo. Vitabu vinaita hizo vifaa vya maziko vinaenda mbele, mama aliona sufuria nzuri inayozikwa na kuna mtu nyumbani angeitumia. Mimi nilikuwa nataka kuruka ule ukuta mdogo nipige picha kutoka upande ule mwingine, akanishika shati. Zunguka, akasema. Kaburi la mtu halirukwi. Nina miaka thelathini na nane na nilizunguka.

Na si Hyrax Hill peke yake. Pale Njoro, mtoni, kuna pango ambalo kina Leakey walilichimba 1938 wakakuta karibu watu 80 waliochomwa moto baada ya kufa, na wamewekewa bakuli zao na michi na shanga. Njoro! Watu wanaenda huko chuo miaka minne wanajua kila kibanda cha chipo lakini pango hawajaliskia. Ukienda juu kabisa Turkana kuna Lothagam, nguzo za mawe zimesimamishwa juu ya jukwaa la duara la upana wa kama mita 30, na chini yake watu wasiopungua 580, wanaume kwa wanawake kwa watoto wamezikwa pamoja, na hakuna dalili kwamba huyu alikuwa mkubwa na yule kibarua, karibu kila mtu na shanga zake. Hiyo ni kazi ya kama miaka 5000 iliyopita, ziwa likiwa linakauka na malisho yanahama. Karne hizo hizo watu wa kule Uingereza walikuwa wanaanza mtaro wa Stonehenge, lile duara lao maarufu la mawe, na kuzika majivu ya wafu wao ndani yake. Ile ya kwao tunaijua wote, mtoto wangu ameichora shuleni na rangi ya kijivu. Lothagam nilipomtajia akaniuliza kama ni hoteli.

Silaumu watoto. Sisi wazazi tukitoa familia tunataka kitu kirefu cha kusimama mbele yake, selfi itoke, turudi. Kaburi la mawe halitoki vizuri kwa picha, nimejaribu, linaonekana kama masalio ya fundi ambaye hakulipwa akaenda. Jirani yangu nilimwonyesha akasema "sasa hapo ni nini, ni mawe tu." Ni mawe tu, ndio, kama vile kaburi la babake ni simiti tu.

Wengine wataniambia makaburi si mahali pa kutembea, utajiletea mambo. Hiyo naielewa zaidi kuliko ya jirani, kwa sababu huyo angalau anakubali kwamba kuna mtu hapo ndani. Wamasai walikuwa wakimzika mzee mkubwa wanamfunika na mawe na kila anayepita anaongeza lake, kwa hivyo kupita karibu na kaburi haikuwa kosa, kosa ni kupita kama hujaona. Ninaogopa zaidi yule anayekuja na kisu kuandika jina lake na la mpenzi wake kwa mwamba. Mmeachana tayari na jina bado liko.

Ukienda, nenda asubuhi kabla jua na kabla mvua ya mchana, vaa viatu vya kufunika vidole kwa sababu ya miiba, na ulipe mtu akutembeze. Usijitembeze, bila mtu wa kukuambia utaona majani na pimbi, maanake kilima chenyewe kimepewa jina la pimbi, na wako bado, wamekaa juu ya mawe wanakuangalia kama wenye nyumba.

Kabla tutoke tulipitia mahali kuna mashimo madogo ya bao yamechongwa kwenye mwamba, mistari miwili. Mama akakaa chini polepole, akaokota vijiwe, akamuuliza kijana wa makumbusho kama anajua kucheza. Akasema anajua kidogo. Nikawaacha hapo nikaenda kutafuta maji, na nilirudi baada ya nusu saa nikapata mama anamla kete na kumweleza habari ya macho yake, na watalii wawili wamesimama nyuma wanangojea mtembezaji wao amalize kupigwa.