Rangi Kapaka Yeye

Juzi nilitoka kikaoni nikatembea kwa miguu kutoka mjini Dodoma hadi Area C, bajaji zikinipigia honi njia nzima. Ningepanda moja ningemtukana dereva asiye na kosa.

Tulikwenda wawili, mimi na mwenzangu anayeandika programu, kumwonyesha mteja gemu yetu ya simu. Mzee akacheza, akacheka, akashindwa, akaomba arudie. Kisha akamgeukia mwenzangu: "Kijana, una akili. Haya mambo uliyawazaje?" Na mimi nikapata fungu langu: "Dada, rangi umezipatia."

Rangi kapaka yeye, huyo kijana. Mimi natunga kanuni za mchezo; hata nyanya siwezi kuchora.

Ukisema "dizaina" mjini hapa, watu wanaona kadi za harusi na mabango. Ukiwa mwanamke ndiyo kabisa, umeshapewa brashi. Sasa niulize: bao ni la nani, la fundi aliyechonga ubao? Chimba mashimo 32 mchangani chini ya mwembe, okota kokoto 64, bila rangi wala nakshi, uone kama wazee hawatakaa hapo mpaka magharibi wakizozana juu ya nyumba, lile shimo kuu la kila mchezaji. Aliyeamua kwamba nyumba inaanza na kete sita, na kwamba kila mchezaji abaki na 22 za kunamua, yaani za kuingiza mchezoni moja moja, huyo ndiye mwenzangu wa kazi. Wala hakuchora kitu.

Gemu yetu ni ya foleni ya maji. Nilipohamia Nkuhungu kutoka Bujumbura, wiki ya kwanza tu nilikwenda bombani alfajiri nikakuta vimejipanga ndoo tano, kidumu kilichopasuka, na jiwe. Nikalisogeza jiwe kwa mguu, nikatua ndoo yangu. Mama mmoja akanijia juu, khanga kifuani: "We dada! Hilo jiwe ni la mama wa nyumba ya kona, kaenda kunyonyesha!" Nikaomba radhi kwa Kiswahili changu cha Buyenzi, mtaa wa Waswahili kule Bujumbura, watu wakacheka, nikarudi mwisho wa mstari. Usiku sikulala. Jiwe linashika zamu! Linashika mpaka saa ngapi? Mtu akiweka mawili? Nani anaamua kwamba limekaa mno?

Niliwauliza majirani wakanitazama kama niliyeuliza kwa nini maji yanalowesha. Nikakata boksi la sabuni, nikapiga mistari (hiyo naiweza), nikawapa watoto wa mwenye nyumba vizibo vya soda viwe mawe ya zamu. Kitinda mimba akawa analisukuma jiwe la kaka yake kila kaka anapogeuka. Nilitaka kumkemea, nikaona wenzake wamekodoa macho, kila mmoja analinda lake, hakuna hata aliyekumbuka chai. Basi nikalifanya kanuni: zamu unaweza kuiba, ila ukikamatwa unamwaga ndoo. Hapo ndipo gemu ikaanza kupumua.

Halafu mtu ananiambia, "Wewe si wa hapa, foleni zetu utazijulia wapi?" Nimezijulia kwenye lile jiwe, ambalo mwenyeji asingeligusa. Haya, Kigogo changu kinaishia kwenye salamu, mbukwenyi, na yapo mengi ambayo mzawa angeyaona nami nikayapita. Nakubali. Nusu.

Wengine, kwa upendo eti, wananishauri nitengeneze gemu ya ngoma za Burundi. Muriel Tramis, mtunzi wa gemu, alitoka Martinique akaenda Ufaransa, na mwaka 1987 akatoa Méwilo, gemu iliyojaa hadithi za kisiwani kwao. Safi sana. Ila ngoma zile kwetu ni za wanaume, na mwaka 2017 zikawekewa amri ya serikali kabisa kwamba mwanamke asipige. Nimekuja kuyaona huku, wanawake wa Kigogo wamebana ngoma za muheme kati ya magoti wanazipiga mpaka vumbi linapaa. Nilisimama pale nikalia, sijui kwa nini.

Vifaa visiwe kisingizio, Godot ya kutengenezea gemu na Blender ya michoro ni programu za bure. Kibali cha kazi nitakiandikia siku nikiwa nimekula vizuri.

Leo asubuhi mteja kapiga simu. Gemu kaipenda, anataka tuendelee. Ana ombi moja tu: dada abadilishe ndoo ziwe za kijani.

Ujumbe nimemfikishia mwenye rangi zake.