Jicho si kamera
Mwandishi mmoja amelifananisha jicho na kamera inayopeleka picha kamili ubongoni, nami naona mfano huo unapotosha. Nyuma ya kila jicho, pale mshipa wa fahamu unapotokea kuelekea kwenye ubongo, hakuna hata chembe moja ya kupokea mwanga. Mfaransa Edme Mariotte alilieleza doa hilo pofu katika karne ya 17. Anayetilia shaka achukue ukurasa wa daftari lenye mistari, achore msalaba kushoto na nukta nene kulia kwake, vikiachana sentimita 8 hivi, kisha afumbe jicho la kushoto, autazame msalaba tu kwa jicho la kulia, na ausogeze ukurasa polepole hadi kama sentimita 30 kutoka usoni. Nukta itatoweka. Lakini pale ilipokuwa hapabaki tundu jeusi: mistari ya daftari huonekana ikiendelea bila kukatika, kwa sababu ubongo umekisia kutokana na yaliyo pembeni. (Mwanangu alirudia mara tano, akidhani nimemfanyia mazingaombwe.) Kamera yenye doa bovu huliacha doa hilo wazi pichani, ubongo hulishona kiraka, wala haumwambii mwenyewe.