Bega Kunyamaza Si Kupona

Muhula wa pili, voliboli ya shule inapopamba moto hapa Nairobi, wazazi huniuliza swali lile lile: "Kocha, Jumamosi mtoto wangu atacheza?" Bega liliuma, likachuliwa kwa dawa, sasa limenyamaza. Nikisema hapana, naonekana namwonea mtoto.

Lakini bega la miaka 14 si la mtu mzima. Juu ya mfupa wa mkono, karibu na bega, kuna gegedu, yaani sehemu laini isiyokomaa kuwa mfupa, ambapo mfupa bado unarefuka, nayo ni dhaifu kuliko misuli inayouvuta. Ukipiga au kurusha kwa nguvu kila siku, inaumia. Hapo mtoto huachishwa kurusha kwa muda wa kama miezi mitatu. Kukimbia hakukatazwi. Wanaokimbilia sindano ili tu amalize mashindano wananikera kuliko hata wanaopuuza: wanazima maumivu, jeraha linabaki.

Na kupumzika pekee hakutoshi. Misuli ya nyuma ya bega, ile inayousimamisha mkono baada ya kupiga, lazima ijengwe, pamoja na ile inayoushika mfupa bapa wa mgongoni. Mkanda wa elastiki wa kuvuta unatosha. Ukikosekana, kata tyubu ya baiskeli, sokoni Gikomba zimejaa. Halafu miguu na kiuno, maana nguvu ya spaiki, lile pigo la kuushindilia mpira upande wa pili wa wavu, huanzia chini. Mtoto mwenye kiuno legevu hulitwika bega kazi yote.

Jambo tunalolikwepa ni kuhesabu. Marekani, besiboli ya watoto chini ya shirika la Little League ina kikomo cha mirusho tangu 2007: mrushaji wa miaka 13 hadi 16 harushi zaidi ya 95 kwa siku. Huku kwetu mtoto hupiga spaiki shuleni jioni, wikendi yuko klabuni, na makocha wake wawili hawajawahi hata kupigiana simu. Daftari moja la kuhesabia mapigo lingetosha, akilibeba mwenyewe kwenye begi.

Kwangu, anayerudi huanza kwa kupokea mipira ya chini. Kisha sevu (pigo la kuanzisha mpira) ya chini, sevu ya juu kwa nusu nguvu, spaiki mwisho kabisa. Likiuma kesho yake, anarudi hatua moja. Na mwalimu akiniambia fainali ni wiki ijayo, namwonyesha benchi: wapigaji wengine wapo.