Mercedes kuukuu Lubumbashi: mikono ipo, kipuri je?

Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, anaishi Kampemba hapa Lubumbashi na kazi yake iko Likasi. Wiki iliyopita alinipigia simu akiwa na furaha ya mtu aliyeokota almasi. "Yaya, nimepata Benz kwa bei ya Ist!" Ni Mercedes E 320 ya mwaka 2004, toleo ambalo mafundi huliita W211: viti vya ngozi, mbao kwenye dashibodi, rangi bado inang'aa. Muuzaji anataka dola zilezile ambazo mtu angetoa kwa Toyota Ist iliyoshushwa bandarini Dar es Salaam, ikapita Tunduma na Zambia hadi Kasumbalesa. Anunue au aache, alitaka jibu palepale. Nilimwomba anipe siku chache, kwa kuwa nimeona familia zikilia kwa ajili ya magari ya namna hii, na nimeona pia wazee wanaoyaendesha mwaka wa 10 bila shida.

Nianze na wanaosema aache, maana hesabu yao ni nyepesi kuifuata. Gari hili lilipokuwa jipya lilikuwa la wakurugenzi. Miaka zaidi ya 20 imelishusha bei hadi mikononi mwa mwalimu na karani, lakini vipuri vyake havikushuka pamoja nalo. Bado vinauzwa kama vya gari la mkurugenzi. Hata likiwa zima kabisa linakula zaidi. Injini yake ya silinda 6 hunywa lita 8 hivi za oili kila inapobadilishwa, wakati ile ndogo ya Ist haifiki lita 4. Buji zake ni 12, kwa kuwa kila silinda ina mbili. Za Ist ni 4. Ndani ya mji, penye foleni, tarajia lita 14 za esansi kwa kilomita 100, na Ist itatumia kama nusu yake. Anayetembea kilomita 1,000 kwa mwezi atamwaga lita 70 za ziada, kila mwezi, na hapo hakuna kitu kilichoharibika.

Hesabu hiyo ni kweli, ila inasahau jambo moja ambalo kwangu ndilo linaloeleza kwa nini magari haya yako hapa. Ulaya, saa moja ya fundi ni ghali. Kazi ya siku mbili kwenye injini inaweza kuzidi thamani ya gari lote, hivyo mwenye gari analiuza kwa bei ya kutupa ingawa bado lina nguvu. Huku kwetu fundi wa komuni ya Kenya au wa Katuba atashusha injini, atabadilisha gasketi na mipira ya miguu, atachomelea bodi, kwa malipo ambayo mwenye gari anaweza kuyabeba. Gari lililokufa Ulaya kwa hesabu tu, hapa linafufuka kwa mikono. Ndivyo W124, ile Mercedes iliyoanza kutengenezwa mwaka 1984, ilivyozeeka kwa heshima katika miji mingi ya Afrika: sehemu kubwa ya mitambo yake fundi anaiona kwa macho na kuishika kwa vidole, na akikosa kipuri anaweza kukitengeneza kile cha zamani kikarudi kazini. Sioni aibu kusema ninawapenda mafundi hao. Wameyapa maisha ya pili magari ambayo kiwanda chenyewe kilishayasahau.

Basi kabla ya kuuliza gari lina umri gani, mimi huuliza: likiumwa, litatibiwa kwa mikono au kwa kipuri? Na hapo ndipo W211 inapotutenga.

Chukua breki. Mercedes ya 2004 ya aina hii ina mfumo unaoitwa SBC. Unapokanyaga pedali unatuma taarifa kwa kompyuta, nayo ndiyo inayogawa mgandamizo wa mafuta ya breki kwa kila gurudumu, ukitoka kwenye pampu ya umeme. Ukifanya kazi ni breki nzuri sana. Ukigoma, pedali inazama chini na inayobaki ni breki ya magurudumu ya mbele peke yake, na gari linahitaji nafasi ndefu zaidi kusimama. Kifaa hicho pia huhesabu mara zilizokanyagwa, na idadi ikifika kikomo taa huwaka kudai kibadilishwe. Mwaka 2004 kampuni yenyewe iliita magari 680,000 yarudi kukaguliwa kwa sababu ya mfumo huo, na ilipofika 2006 ikauondoa kwenye E. Fundi wetu hodari hawezi kuuchonga wala kuuchomelea. Kuna hatari nyingine ambayo wengi hawaambiwi: pampu hiyo inaweza kuamka mlango unapofunguliwa tu, na fundi aliyeingiza vidole kubadilisha pedi bila kwanza kuulaza mfumo kwa skana, kile kifaa kinachozungumza na kompyuta ya gari, anaweza kupondwa. Kama una mtoto anayejifunza kazi gereji, mwambie hilo leo.

Kisha kuna mifuko ya hewa inayoshika nafasi ya springi, Airmatic. Mpira wa mfuko ukizeeka unapasuka nyufa ndogo, hewa inavuja, na kompresa inajaza usiku na mchana mpaka inaungua. Hivyo ufa ambao jicho halioni unakuletea hasara ya vitu viwili. Barabara zetu za ndani, zenye mashimo wakati wa mvua na vumbi jekundu wakati wa kiangazi, hazisaidii. Bahati ni kwamba kwa E 320 Airmatic ilikuwa ya kuchagua. Nyingi zilitoka na springi za chuma, na hizo fundi wa Katuba anazimudu bila taabu.

Wanaotetea Benz wana hoja nyingine ambayo siwezi kuipita mbio, kwani inagusa uhai. Mdogo wangu yuko barabarani kati ya hapa na Likasi, kilomita 120 hivi, akipishana na malori ya shaba na kobalti. Bodi nzito, mifuko ya hewa ya ajali, mfumo unaozuia gari kuteleza kwenye lami yenye maji: Ist haina uzito wa kushindana na hayo. Tena Ist nyingi zina usukani wa kulia wakati sisi tunapita kulia, na dereva anayetaka kulipita lori analazimika kutoa nusu ya gari nje ndipo aone kinachokuja. Benz hii ina usukani wa kushoto. Ningekuwa mama yake, hoja hiyo ingenikaa moyoni. Ila usalama huo ni wa gari ambalo taa za dashibodi zimezimika kwa haki. Taa ya mfuko wa ajali iliyowaka, au iliyofichwa kwa kung'olewa balbu, maana yake umenunua uzito tu.

Kuhusu kuuza tena sitasema mengi. Ist unaiuza ndani ya siku chache, Benz utamsubiri mtu wake.

Hukumu yangu, baada ya kupima: gari hili linamfaa mwenye gari la pili uani na akiba isiyo ya ada za shule. Mtu huyo likigoma anaweza kusubiri kipuri wiki tatu bila kupoteza kazi. Anayelitegemea kila asubuhi, mwenye mshahara mmoja, namwambia asilinunue kama baada ya kulipa habaki na angalau nusu ya bei hiyo mkononi. Nusu hiyo ni sehemu ya bei, ingawa muuzaji haiandiki.

Mdogo wangu anayo, karibu. Alikuwa ameiweka kwa ajili ya kumalizia ukuta wa nyumba, na mke wake bado hajaulizwa. Nilimwambia amuulize kwanza. Akikubali, Jumamosi saa 12 asubuhi tutakwenda kwa muuzaji na fundi mwenye skana, ambaye tutamlipa hata kama hatununui, asome breki zimehesabu kiasi gani. Tumemwomba muuzaji alilaze gari Ijumaa jioni mahali tambarare na asiliwashe tena. Nitachukua futikamba ya fundi seremala wetu, nipime nafasi kati ya tairi na madigadi kwenye kona zote nne kabla mtu yeyote hajagusa mlango: kama gari lina Airmatic, kona iliyozama usiku itatuonyesha mfuko unaovuja.