Dirisha Fiche Halifichi Unachodhani

Mwezi uliopita nilitafuta bei za friji mtandaoni, jioni moja tu. Nikaenda kuinunua dukani kwa pesa taslimu, ikaletwa na kirikuu, sasa inanguruma jikoni. Matangazo ya friji yakaendelea kunifuata: kwenye habari za mpira, kwenye mapishi, kila nilikofungua. Wanaonifuatilia wanajua nilichotafuta, ila hawajui nimeshanunua.

Mpwa wangu akanicheka. "Anko, si ungetumia inkognito? Hakuna anayekuona."

Anakosea, na wengi wanakosea naye. Hiyo inkognito, yaani hali fiche ya Chrome, kivinjari cha Google, inakuficha kwa atakayeshika simu baada yako: ukifunga dirisha, historia na vidakuzi (vijifaili ambavyo tovuti huacha kwenye simu yako ili ikukumbuke) vinafutwa. Basi. Tovuti uliyoingia inakuona. Kampuni inayokuuzia bando inajua umeingia tovuti gani. Na ukiingia kwenye akaunti yako humohumo, umejitaja jina mwenyewe mlangoni. Mwaka 2020 watumiaji wa Marekani waliishtaki Google kwa jambo hilihili; katika makubaliano ya 2024 ikakubali kuharibu mabilioni ya rekodi na kuandika upya maelezo ya dirisha hilo. Jina halikubadilika.

Ulinzi wenyewe uko kwenye mipangilio. Kampuni za matangazo zina kipande chao ndani ya tovuti chungu nzima, na kupitia vidakuzi vyao wanakutambua kila unakopita. Safari, kivinjari cha Apple, inavizuia bila kuombwa tangu 2020. Kivinjari kingine, Firefox, tangu 2022, inaifungia kila tovuti vidakuzi vyake kwenye kopo lake. Chrome? Mwaka 2020 iliahidi kuviondoa, ikaahirisha, ikaahirisha tena, 2024 ikaachana na mpango huo. Mwenye kivinjari ndiye anayeishi kwa matangazo, kwa hiyo sishangai: fisi amekabidhiwa bucha.

Jana nikachukua simu ya mpwa wangu: nukta tatu, mipangilio, mipangilio ya tovuti, vidakuzi vya washirika wengine (ndivyo hivyo vya kampuni za matangazo), zuia. Hata dakika haikuisha. Tovuti moja ya mpira ikagoma kufunguka, akapiga kelele kwamba nimemharibia simu. Nikairuhusu hiyo peke yake, akanyamaza.

Kwangu nimefanya vilevile, na friji zimepungua. Sasa naletewa stabilaiza, ambayo, kusema kweli, bado sijanunua.